Chupa Isiyo na Lebo

Karakana ya Mlango wa Bluu,
Nyuma ya Soko la Nafaka,
Mwendo wa Nusu Siku Baada ya Lami Kuisha.

Jumanne, tarehe 19 Agosti.

Mpendwa mdogo wangu Kijiko,

Salamu nyingi kutoka kwangu mimi kaka yako, fundi wa kuchomelea ambaye katika mji huu mzima hana mpinzani, labda kwa sababu mwingine hayupo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, umeshakula, tena umekaa. Kama umesimama kwenye foleni ya basi, ikunje kwanza, uisome ukifika nyumbani.

Hujambo lakini? Mgongo je, bado unakusumbua ukiinama? Kwenye ile picha uliyotutumia umesimama wima kama mtu aliyeambiwa asiguse ukuta, ila kola ya shati imekuwa pana kwako. Ama shati limekua, ama wewe umepungua. Mama aliliona hilo kabla yangu, akanyamaza, na Mama akinyamaza unajua mwenyewe maana yake. Kula, ndugu yangu. Na shemeji yangu hajambo? Wanao wanaendeleaje? Yule mkubwa ameshaota meno ya mbele au bado anacheka kwa ufizi?

Sisi huku hatujambo sana. Mama ni mzima isipokuwa goti la kushoto. Tabibu wa zahanati amemwambia akapigwe picha ya eksirei, na eksirei iko huko kwenu. Mama akamuuliza kama goti linaweza kwenda peke yake, yeye abaki anaanika alizeti. Tabibu alicheka, lakini picha haikupigwa. Mama Mkubwa hana ugonjwa wowote. Nafikiri ugonjwa unamwogopa.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza peke yangu, kwa furaha. Mara ya pili kwa sauti, Mama akisikiliza. Mara ya tatu niliisoma nimesimama, na kwa nini nilisimama nitakueleza huko mbele.

Kwanza nakushukuru kwa kunitafutia kazi hapo kiwandani kwenu. Nasema kwa moyo wote, maana nakujua ulivyo na aibu ya kuomba. Ulipokuwa mdogo ulikuwa radhi ukae na njaa kwenye nyumba ya watu kuliko kumwambia mwenye nyumba akupe kijiko, na jina ulilipatia hapo. Leo umekwenda mpaka mbele ya msimamizi ukasema una kaka ambaye mkono wake ni dhahabu. Hilo ni jambo kubwa, na hukusema uongo. Chumba chenye bomba la maji ndani, umeme usiokatika, sare mbili kwa mwaka, vyote nimevisikia. Lakini jibu langu ni hapana. Nimeliandika mapema ili usisome barua nzima ukiitafuta ndiyo.

Usidhani naogopa mji. Mimi na miji tunafahamiana. Miaka tisa ya utingo kwenye malori nimelala katika nchi nne na nimefukuzwa katika mbili. Nimeona bandari yenye kreni ndefu kuliko kilima chetu. Nimepanda lifti mara mbili, na mara ya pili ilikuwa kwa hiari yangu. Shule ni kweli niliacha darasa la sita, lakini hilo la sita nililisoma miaka miwili ili liniingie vizuri. Kwa hiyo nikisema huku si pabaya, nasema kwa kulinganisha.

Kilichonichoma kwenye barua yako ni maneno matatu. Umeandika: huko hakuna kitu. Umeyaandika kwa upendo, najua, kama mtu anayemvuta nduguye atoke kwenye mvua. Lakini yalikaa kifuani kama mfupa. Nilipomsomea Mama niliyaruka. Nilimwambia hapo wino umefutika.

Hebu tuseme ukweli, mimi na wewe. Nchi yetu hii ni kama shati lililopigwa pasi upande mmoja. Mbele, panapoonekana na wageni, pamenyooka mpaka panang'aa. Sisi ni ule mgongo unaofichwa na koti. Lami inatoka kwenu inakuja vizuri, ikifika darajani inakatika ghafla, kama mtu aliyekuwa anasema jambo akasahau. Nguzo za umeme nazo zimefika hapo hapo darajani, huu mwaka wa nne, zimesimama zinatutazama. Mimi nachomelea kwa jenereta inayokunywa kuliko marehemu mjomba. Yote hayo ni kweli, wala sikupingi. Lakini shati ni moja, Kijiko, na anayelivaa anatokwa jasho mgongoni.

Angalia hii alizeti tu. Kila mavuno malori yanapanda matupu na kushuka yamejaa magunia. Mbegu zinasafiri siku mbili mpaka kwenu, mnazikamua, mnatia chupani, mafuta yanapanda tena siku mbili, kisha Mama anakwenda dukani, hatua thelathini kutoka shambani, kununua mafuta ya alizeti aliyoipalilia mwenyewe. Mbegu za Mama zimetembea kuliko Mama.

Ndiyo maana nikatengeneza mashine. Ulipoondoka ilikuwa bado jeki ya lori bovu na mdomo wangu. Sasa njoo uione. Fremu yake ni chasisi ya lile lori lililopinduka kwenye kona ya mlimani. Jeki ni ya tani ishirini. Silinda ina matundu mia mbili na arobaini, na kila tundu nimelitoboa mimi. Wakamuaji ni akina mama kumi na mmoja, na mwenyekiti ni Mama Mkubwa, aliyeshika cheo bila uchaguzi, maana nani angesimama naye?

Na amewawekea utaratibu, usifanye mchezo. Mbegu zinaanikwa, zinapepetwa mara mbili, zinapondwa, zinapashwa moto kwa kiasi, ndipo zinaingia kwenye silinda. Anayepiga jeki lazima ahesabu kwa sauti. Akifika thelathini anaacha, na hakuna kugusa tena mpaka matone yaache kudondoka. Mimi mwanzoni nilikuwa napiga mfululizo, mwanaume mwenye haraka zake, akanipiga kofi mkononi. Akaniambia mafuta hayaburutwi, yanasubiriwa. Yakishatoka yanatulia ndani ya pipa siku tatu, kisha yanachujwa kwa kitambaa cha mikunjo minne ambacho Mama amekishona. Mafuta hayo, mdogo wangu, ukiyaweka kwenye glasi unaweza kusoma gazeti upande wa pili. Mashudu yanakwenda kwa wafuga kuku, na kuku wenyewe siku hizi wanatembea kwa maringo.

Tatizo letu ni moja, nalo lina tarehe. Shule ya bweni ya hapa, ile ile iliyokurudisha nyumbani siku tatu kwa kosa la kucheka gwaride, ina wanafunzi mia sita na inatumia mafuta mengi kuliko mtaa mzima. Mkuu wa shule wa sasa ni mwalimu wa kemia, mtu mkavu lakini wa haki. Alikuja karakana, akachovya kidole, akaonja, akafunga macho. Kisha akasema:

"Haya ni mazuri kuliko tunayonunua. Lakini ulimi wangu hauna muhuri, Fundi. Nileteeni cheti cha maabara kabla ya tarehe tano ya mwezi wa tisa. Nisipokiona nasaini na wakala wa kiwanda, na mkataba wao ni wa miaka mitatu."

Kiwanda hicho ni chenu. Tukikosa cheti, shule inakwenda kwenu miaka mitatu, mashine inalala, akina mama kumi na mmoja wanarudi kuuza mbegu kwa gunia kwenye malori, na mimi narudi kuchomelea mageti ya watu waliohama. Hapo ndipo tulipo.

Sasa nikueleze kosa, na kosa ni letu, silipeleki kwa mtu. Maabara ya kupima mafuta iko moja nchi nzima, na bila shaka iko huko kwenu, mitaa mitatu kutoka kiwandani. Wanataka lita moja ndani ya chupa safi yenye kifuniko. Kijiko, huku chupa mpya haiuzwi. Kila chupa inakuja kutoka kwenu imejaa, na ikiisha inabaki na yule mama wa kwenye lebo yenu, anayecheka ameshika kikaango. Mama huyo tunaye kila nyumba. Anabeba mafuta ya taa, anabeba maji, anabeba dawa ya kuku, na kicheko chake ni kile kile.

Tukatafuta chupa ambayo haijawahi kubeba kingine, tukaiosha kwa maji moto mara saba. Nikachukua kisu nianze kubandua lebo. Mama Mkubwa akanishika mkono.

"Unafanya nini wewe?"

"Naivua karatasi, Mama Mkubwa. Si ya kwetu hii."

"Chupa uchi utaipelekaje ofisini? Wakiiona watasema hawa wametoka porini."

Na mimi niliyelala katika nchi nne, nikaona ana maana. Nikarudisha kisu mfukoni. Tukajaza fomu yetu kwa kalamu nzuri, jina la kikundi, mahali, kila kitu, tukaifunga shingoni mwa chupa kwa uzi wa kushonea. Tukampa dereva wetu Breki Moja, unamkumbuka, yule ambaye lori lake lina breki moja na nusu lakini jina halikutaka kurefushwa. Akarudi na risiti ndogo: mafuta ya alizeti, chupa moja, namba 4417. Tuliibandika ukutani karibu na saa, tukaanza kusubiri kama watu waliooza binti.

Wiki tano zikapita kimya. Kama ujuavyo, huku simu inashika mtandao sehemu moja tu, juu ya tangi la maji la shule. Nikapanda ngazi mpaka juu, mkono mmoja nimeshika bomba, mwingine simu, nikapiga maabara. Akapokea kijana wa mapokezi.

"Namba elfu nne mia nne kumi na saba? Majibu yalishatoka, mzee. Wenyewe wamekuja kuyachukua."

"Wenyewe ndio mimi."

"Hapana. Wenyewe walikuja na gari."

Nilimwambia wenyewe ndio mimi mara nne, kila mara nikipandisha sauti, kwa sababu ya upepo. Wanafunzi walikuwa chini wanafua sare zao. Tangu siku hiyo nikipita pale shuleni wananiita Mwenyewe, na limeshika.

Nilishuka nisielewe kitu. Gari gani? Wenyewe gani? Wiki nzima sikupata usingizi mzuri, na wewe unajua mimi nalala hata kwenye mwamba. Kisha ikaja barua yako na picha.

Uliandika kwa furaha kwamba mwaka huu kiwanda chenu kimepata alama tisini na sita kwa mia kutoka maabara, haijawahi kutokea tangu kianze, na mmepewa fulana kila mmoja. Ukaandika kwamba msimamizi mwenyewe hajui mmefanya nini tofauti. Na kwenye picha umesimama na fulana yako mpya mkononi, kando ya cheti kilichowekwa kwenye fremu. Chini ya cheti kuna namba, ndogo kama mayai ya sisimizi. Nikaenda kwa fundi saa, nikaazima ile lenzi yake ya jichoni.

Nne, nne, moja, saba.

Hapo ndipo nilipoisoma barua yako mara ya tatu, nimesimama. Msimamizi wenu hajui mlichofanya tofauti. Mimi najua. Safari hii hamkuyakamua nyinyi.

Breki Moja naye akapekua lori lake, akaikuta fomu yetu chini ya kiti, uzi bado umefungwa fundo. Kwa mitetemeko ya barabara yetu, ningeshangaa kama ingebaki shingoni. Kwa hiyo chupa ilifika mezani pale ikiwa na yule mama wa kikaango tu, na mtu wa mapokezi akaamini macho yake. Akaiandika jina la kiwanda, majibu yakaingia kwenye faili la kiwanda, na kiwanda kikaja na gari. Hakuna aliyeiba, Kijiko. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Hakuna hata mtu mmoja aliyewaza kwamba kitu kizuri kinaweza kutoka huku.

Nikawaita akina mama, nikawaonyesha picha na risiti. Mama Mkubwa alicheka mpaka akakalia gunia la mashudu. Kisha akaacha kucheka, akafuta macho kwa upindo wa kanga.

"Kwa hiyo nimekuwa mfanyakazi wa kiwanda bila kwenda kiwandani?"

"Ndiyo, Mama Mkubwa."

"Na fulana yangu iko wapi?"

Lakini mchana ule hakula.

Sasa ndugu yangu, yale maneno yako matatu nakurudishia, bila kinyongo, ila nakurudishia. Huko hakuna kitu. Hicho kitu ambacho hakuna kimepata tisini na sita kwa mia. Kimewashinda nyinyi wenye mitambo ya nje, wenye wahandisi wa makoti meupe, wenye umeme mchana na usiku. Kimekamuliwa kwa jeki ya lori, kimechujwa kwa kitambaa cha mama yako mwenye goti bovu. Siku nyingine ukiulizwa unatoka wapi, usiseme unatoka mbali. Sema unatoka pale panapotoka tisini na sita.

Nikapanda tangi mara ya pili. Safari hii nilikataa kuongea na mapokezi, nikapewa mkubwa wao, mama mmoja mwenye sauti ya upole. Simlaumu, alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema:

"Nakuamini, baba. Lakini siwezi kuhamisha majibu kutoka jina hili kwenda jina lile kwa maneno ya simu. Sampuli mpya lazima mkaguzi aichukue mwenyewe, pale pale mashine inapokamua, aifunge kwa lakiri."

"Basi mkaguzi aje."

"Gari letu linaishia lami inapoishia. Ratiba ya upande wenu ni mwezi wa pili mwakani, kama barabara itapitika."

Hapo mkuu wa shule atakuwa ameshasaini zamani. Nilitaka kukata simu. Halafu akili ya mtu aliyesoma darasa la sita mara mbili ikafanya kazi.

"Mama, sheria inasema mkaguzi aione mashine ikikamua, sivyo?"

"Ndivyo."

"Inasema mashine iwe imesimama wapi?"

Nikasikia karatasi zinafunuliwa, moja, nyingine, na nyingine.

"Haisemi," akajibu. Tena nadhani alikuwa anatabasamu. "Mkifika getini kwetu, nitatoka nje mwenyewe."

Sikuomba ahadi kubwa kuliko hiyo. Nikapunga mkono juu ya tangi kama rais, na wanafunzi, ambao kazi yao siku hizi ni kunisikiliza nikipiga simu, wakapiga makofi.

Basi pata habari yenyewe. Nakuja, ila siji kuajiriwa. Inakuja mashine, mimi naisindikiza. Gari lao haliwezi kupanda, sawa, sisi tunajua kushuka, miaka yote ndiyo kazi yetu. Kwanza tumeshusha mbegu, kisha tukashusha vijana wetu, wewe mmoja wao. Sasa tunashusha mtambo, na safari hii kinachoshuka kitapanda kurudi.

Breki Moja anaondoka leo mchana na barua hii. Ijumaa jioni anarudi huku. Jumamosi alfajiri tunapakia, bolti nane nimeshazilegeza, na Jumapili jioni tuko kwenu. Tunakuja mimi, Mama Mkubwa na akina mama watatu, magunia mawili ya mbegu, pipa, jiko la kupashia, na kitambaa. Mama alikifumua chote akakishona upya, uzi maradufu, na alipomaliza akaniambia nimrudishie kikiwa na harufu ya huko, asikie kama ni kweli kunanuka fedha.

Jumatatu saa mbili asubuhi tutakamua juu ya bodi ya lori, mbele ya geti la maabara, na Mama Mkubwa atahesabu mpaka thelathini kwa sauti yake ile. Anayetaka kututazama atutazame. Mafuta yatatulia siku tatu chini ya lakiri ya mkaguzi, na sisi tutakaa hapo hapo kwenye lori. Mimi nimeshafukuzwa na watu wakubwa kuliko askari wa geti. Alhamisi wapime. Ijumaa watupe cheti chenye jina letu na mahali petu, herufi kubwa, na Jumapili ya tarehe thelathini na moja nitakiweka mezani kwa mkuu wa shule.

Unaweza kuuliza, je, tukipata sabini? Nimejiuliza hilo pia, nikiwa chini ya mashine peke yangu, ambapo sina wa kumringia. Kama ni sabini, ni sabini yetu, nitaibeba nyumbani. Lakini haitakuwa sabini. Mama Mkubwa ameshasema, na wewe nenda ukambishie.

Kuhusu kile cheti cha ukutani kwenu, nakuomba sana, usikiguse. Usiende kwa msimamizi, usimwambie mtu, usigombane. Kazi hiyo ndiyo inayomlisha shemeji yangu na wanao, na inamletea Mama dawa. Fulana yako ivae, umeitolea jasho. Sisi hatuji kuwavunjia nyumba, tunakuja kukamua mafuta. Hicho cheti kikae hapo kipate vumbi. Alama zetu tumeshazijua, na hilo hakuna atakayeweza kutunyang'anya tena.

Ila nina ombi moja, nalo ni dogo, na ndilo lililonifanya niandike barua yote hii.

Wewe unafanya kazi kwenye chumba cha chupa. Kila siku zinapita mbele yako maelfu, mpya, tupu, kabla mashine haijazivisha yule mama wa kikaango. Sitaki hata moja ya hizo, hizo ni za watu. Lakini najua mtaani kwenu chupa mpya zinauzwa dukani, kitu ambacho huku ni hadithi. Nunua moja, ya lita moja, kwa jina lako mwenyewe. Jumatatu asubuhi, kabla ya zamu yako, tembea mitaa mitatu, utuletee getini.

Kama hutaweza, sitakuuliza kwa nini. Nimeiona ile kola, na najua mwanaume mwenye familia anatembea na hesabu gani kichwani. Nitapata chupa kwingine, na Jumanne nitakuja kwako kunywa chai kama hakuna kilichotokea, na nitakuwa kaka yako vile vile. Lakini ukija, Mama atauliza ni nani aliyeleta chupa, nami ningependa sana kumpa jibu zuri.

Breki Moja atakupa pamoja na barua hii kopo dogo la mafuta yetu kutoka kwa Mama. Mwombe shemeji akukaangie chochote, yai tu linatosha, kisha kesho yake uonje ya kwenu. Usiniambie majibu. Nitayaona usoni.

Nisalimie sana shemeji, mwambie Mama anamwombea na anauliza kama yale maumivu ya kichwa yamepungua. Nibusie wanao wote wawili, wa ufizi na wa kutambaa. Yule jirani yako mshona viatu mwambie kiatu alichonishonea bado kinadai njia. Mama anakusalimu, Mama Mkubwa anakusalimu na anasema ujiandae, Jumatatu atakupima kwa mikono yake kama umekonda kweli.

Mungu akulinde kwenye zamu zako, akupe nguvu za mgongo, na akufungulie njia ile mitaa mitatu.

Chupa iwe tupu, safi, na isiwe na karatasi yoyote. Mama Mkubwa amekubali kwamba safari hii iende uchi.

Nakupenda tangu kabla hujajua kushika kijiko,
kaka yako,
Mwenyewe.